Siri ya Shujaa na Lawama ya Rafiki

Urafiki wa watu wa kawaida huvunjwa na mambo ya kawaida: deni lisilolipwa, neno lililochukuliwa na mchongezi, ahadi iliyosahauliwa. Urafiki wa majabari, kama tunavyousoma katika tendi na ngano, haukubali kuvunjwa na vitu vidogo namna hiyo. Jabari akipigwa na rafiki yake huinuka. Akishindwa leo hushinda kesho. Na watu wawili waliozoea kupigana na majoka na majeshi hawaoni taabu kupigana wao kwa wao na kisha kupatana. Hata hivyo liko jambo moja linalowashinda. Nalo ni neno ambalo mmoja alilijua, mwenzake alikuwa na haki ya kuambiwa, likanyamaziwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika habari za majabari lawama iliyo nzito humwandama mwenye siri kuliko mwenye kitendo. Na kwamba njia iliyo bora ya kuipima siri ni kuuliza ukimya ule ulimlinda nani. Swali hili si langu. Nalikuta gatini.

Jioni moja katika mji wa Mwanza nilikuwa nangoja kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Karibu nami vijana wawili walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa juu ya filamu ya Kimarekani. Mmoja alisema Steve Rogers ni rafiki wa kweli kwa kuwa hakumtupa mwenzake wa utotoni. Wa pili alisema Steve ni msaliti, kwa kuwa alimficha Tony Stark habari ya kifo cha wazazi wake. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake, aliwasikiliza kwa muda, kisha akauliza: "Wanangu, huyo aliyenyamaza, alinyamaza kwa faida ya nani?" Kijana wa kwanza akajibu kwa adabu, "Mayu, alinyamaza ili asimwumize mwenziwe." Yule mama akacheka kidogo, akasema, "Basi mbona aliyeumia ni yeye huyo huyo?" Kivuko kikafika, tukaingia, na mabishano yakaendelea majini. Nimesoma hoja nyingi za wataalamu juu ya uaminifu na usaliti katika fasihi. Lakini sikumbuki swali lililokata shauri kwa ufupi kama lile.

Filamu yenyewe ni Captain America: Civil War, iliyotolewa mwaka 2016 chini ya uongozi wa ndugu wawili, Anthony na Joe Russo. Wasomi wengine watashangaa kuiona imetajwa katika kurasa hizi. Lakini wanafunzi wetu waijua kuliko wanavyoujua Utendi wa Liyongo, na mwalimu aliye mwerevu humfikisha mwanafunzi asikokujua kwa kupitia anakokujua. Tena fani haina mpaka wa aina hiyo: shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu, aliye na marafiki na maadui, aliye na mahali pamoja pa udhaifu, ni mgeni wetu wa zamani. Amebadili nguo tu.

Kwa juujuu, ugomvi wa filamu ile ni ugomvi wa sheria. Mataifa yataka kuwaweka majabari chini ya amri, kwa sababu vita vyao vimeua watu wasio na hatia. Tony Stark akubali, Steve Rogers akataa, na kila mmoja ana hoja inayosikika. Lau kama hadithi ingeishia hapo, tungekuwa na mjadala wa heshima baina ya watu wawili wenye nia njema, na mjadala wa namna hiyo hauui urafiki. Jeraha lenyewe liko chini zaidi. Wazazi wa Tony waliuawa mwaka 1991, naye miaka yote aliamini kuwa walikufa kwa ajali ya motokaa. Muuaji alikuwa Bucky Barnes, rafiki wa Steve tangu utoto, ambaye maadui walikuwa wameitia akili yake utumwani hata akatenda asichokitaka. Steve alikuwa amekwisha kujua kwamba wazazi wale waliuawa na watu waliomtumikisha Bucky. Hakusema.

Hapa yafaa msomaji atazame jinsi tukio lenyewe lilivyopangwa. Adui awaonyesha picha ya mauaji. Tony hakurusha ngumi kwanza, aliuliza kwanza. Alimwuliza Steve kama alijua. Jibu la kwanza la Steve lilikuwa nusu jibu: kwamba hakujua kuwa ni Bucky. Tony akauliza mara ya pili, na hapo ndipo Steve alipokiri. Mapigano yaliyofuata ni makali, na macho ya mtazamaji huvutwa nayo. Lakini mhakiki hapaswi kudanganywa na kishindo. Urafiki ulikufa baina ya swali la kwanza na la pili, katika lile jibu la nusu. Ngumi zilikuwa mazishi yake.

Kwa nini jambo hili latugusa sisi hata tusioishi katika dunia ya mavazi ya chuma? Kwa sababu twajua kuwa msiba una mwenyewe. Katika desturi zetu habari ya kifo inaweza kucheleweshwa. Mtu aliye safarini huambiwa kuwa mgonjwa hali yake si njema, arudi nyumbani. Afikapo huketishwa, hupewa maji, na mzee aliyechaguliwa ndiye atamkaye neno. Desturi hii ni ya hekima, wala si uongo, kwa sababu ucheleweshaji wake una mwisho unaojulikana, una mtu aliyepewa kazi ya kuumaliza, na una nia ya kumfanya mfiwa aweze kuupokea msiba wake. Alichofanya Steve hakina hata moja katika hayo matatu. Hakuweka siku, hakumweka mtu, wala hakumwandaa mfiwa. Alikula naye, akapigana vita pamoja naye, akiwa ameubeba msiba wa mwenzake kama kwamba ni mali yake.

Watetezi wa Steve husema kuwa alikuwa amefungwa na uaminifu kwa Bucky. Hoja hii ina uzito, nayo haifai kupuuzwa. Bucky hakuwa na mtu mwingine duniani, na kosa lake halikuwa la hiari. Lakini uaminifu kwa rafiki mmoja haulipwi kutoka katika mfuko wa rafiki mwingine. Kumlinda Bucky asiuawe ni jambo moja. Kumwacha Tony katika ujinga wa habari za damu yake ni jambo la pili, na la kwanza halikulilazimu la pili. Waandishi wa filamu wenyewe walilifahamu hili, maana mwishoni Steve ampelekea Tony barua akikiri kwamba alidhani anamwepushia mwenzake maumivu, kumbe alikuwa akijiepushia yeye. Barua ile ni jibu la swali la mama wa dagaa. Ilichelewa tu.

Sasa na tuvuke kutoka ghuba ya Mwanza hadi pwani ya Lamu na Pate, tumtazame jabari aliye mkubwa kuliko wote katika ushairi wetu. Habari za Fumo Liyongo zimehifadhiwa kwa njia nyingi. Edward Steere alizichapisha kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utendi mwaka 1913. Madarasani habari hizi hufundishwa kama hadithi ya usaliti mmoja: mtoto alimuua baba kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanafunzi akiulizwa nani msaliti, hujibu "mtoto", hupata alama, na somo huisha. Mimi naona kuwa somo halijaanza.

Liyongo amezungukwa na siri tatu, na utendi wazipima kwa mizani tofauti. Ya kwanza ni siri ya marafiki wa kikoa. Sultani wa Pate, aliyeogopa kunyang'anywa ufalme, aliwahonga watu wamfanyie Liyongo urafiki na kula naye kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu. Shauri lilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mikono imeshika mti, wampige mishale. Liyongo hakupanda. Alichukua upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Mtunzi ameteua mahali pa siri kwa ustadi mkubwa, maana kikoa ndiyo sura safi ya usawa wa marafiki: leo wewe, kesho mimi. Siri iliyofichwa ndani ya kikoa huuharibu mti wa urafiki kutoka shinani. Lakini Liyongo hakuwalaumu. Watu wale hawakuwa marafiki zake. Walikuwa waajiriwa, na mwajiriwa hamsaliti mtu asiye wake.

Siri ya pili ni ya Saada, kijakazi wa mama yake. Liyongo alipofungwa gerezani alimpelekea mama ujumbe kwa maneno ya fumbo, naye mama akaoka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake. Walinzi walikula vyakula vizuri wakamwachia mfungwa ule mkate mbaya, naye akakata pingu zake huku kelele za ngoma ya gungu zikifunika sauti ya tupa. Saada aliijua siri, akaibeba mbele ya walinzi, tena si mara moja. Siri hii haina lawama katika masimulizi yoyote. Kwa nini? Kwa sababu aliyeibeba ndiye aliyekuwa katika hatari, na aliyelindwa nayo ni mwingine. Lau ingalifichuka, Saada angalikuwa wa kwanza kuumia. Kijakazi huyu, ambaye wahakiki humtaja kwa mstari mmoja na kupita, ndiye mtu mwaminifu kuliko wote katika habari za Liyongo. Na uaminifu wake ulikuwa wa ukimya.

Siri ya tatu ndiyo iliyoua. Hapa watu hukosea kwa kudhani kuwa siri ni sindano ya shaba. Sindano ilikuwa siri ya Liyongo mwenyewe, mali yake halali, naye alikuwa na hiari ya kumpa amtakaye. Siri ya mtoto ilikuwa nyingine: kwamba ametumwa kuuliza, na kwamba amekwisha kuahidiwa cheo na ndoa. Katika masimulizi ya Steere, baba atambua. Amwambia mtoto kwamba adhani ataka kumuua. Mtoto akana. Baba, pamoja na shaka yake, asema neno la sindano.

Msomaji ameona jambo gani? Ameona swali lile lile la Tony. Shujaa ambaye hakuna silaha imwezayo asimama mbele ya mtu ampendaye, amfungulia mlango wa mwisho, amwambia kwa maneno mengine: sema sasa, na tutajua la kufanya. Mtoto wa Liyongo auficha ukweli wote, Steve Rogers auficha nusu. Mmoja ni mwovu na wa pili ni mtu mwema; mmoja ataka ukuu na wa pili ataka amani. Lakini fani ya hadithi zote mbili yawapeleka mahali pamoja, nayo yatuonyesha kuwa nia njema haimwokoi mtu anapoulizwa waziwazi na asijibu waziwazi. Naamini kuwa huu ndio uti wa mgongo wa hadithi za majabari wagombanao. Kitendo cha nguvu huja baadaye. Mahali pa kugeukia hadithi ni penye swali na jibu.

Na lawama? Katika habari za Liyongo lawama haikumwangukia mtoto peke yake. Liyongo alipochomwa aliamka, akachukua upinde na mishale, akaenda penye kisima akapiga goti akiwa ameuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kuteka maji, wasijue kuwa amekufa, na mji mzima ukakaa na kiu. Wengi wa watu wale hawakuwa na habari ya shauri la Sultani. Lakini siri ya wakubwa ililipwa na koo za wadogo. Mtoto naye hakuupata ukuu alioahidiwa. Mtunzi ametuambia kwa picha ya kisima kuwa siri mbaya haikai ndani ya nyumba ya aliyeiweka.

Turudi sasa ziwani, maana Usukuma una neno lake katika shauri hili, na naliona ni neno la faraja. Ngano ya Masala Kulangwa yajulikana sana huku. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu wote na wanyama wao, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi. Akamzaa mwana, Masala Kulangwa, ambaye jina lake ni la mtu mwerevu mwenye kuelewa. Kijana alipokua aliuliza mbona wako wawili tu, na mama akamwambia yote. Hili la mama kusema lapaswa kuangaliwa. Angaliweza kuficha kwa kumhurumia. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na ukweli ulikuwa wa kumpeleka kifoni. Lakini msiba ulikuwa wa mtoto pia, naye akapewa sehemu yake. Akaanza kulitafuta dubwana, akileta nyumbani leo panzi, kesho ndege, akimwuliza mama kama ndiye huyo, hata akalipata lenyewe akaliua.

Alipolipasua tumbo watu wakatoka wazima. Lakini katika kupasua alimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi yule akakasirika, akataka kumloga. Kijana angaliweza kusema: nimekutoa tumboni mwa dubwana, nawe wanidai sikio? Hakusema hivyo. Alitafuta dawa akamponya, kisha watu wakamfanya mtemi wao. Wanafunzi huicheka sehemu hii, humwona kizee kuwa mtu asiye na shukrani. Mimi naona ndiyo kilele cha ngano. Ushujaa wa kuliua dubwana ulimfanya kijana astahili sifa. Ushujaa wa kuikubali lawama ndogo iliyo ya haki katikati ya sifa kubwa ulimfanya astahili utemi. Kosa lilikuwa wazi, kisu kilikuwa mkononi, sikio lilikuwa chini. Hapakuwa na siri, kwa hiyo lawama ikapata dawa. Kwa Basotho iko ngano ya namna hii hii, ambayo S. M. Mofokeng aliifanya mchezo wa kuigiza mwaka 1952. Huko shujaa Senkatana mwishowe huuawa na watu aliowaokoa. Ngano ya Wasukuma yaijua hatari hiyo, nayo yaonyesha njia ya kuiepuka.

Tena katika nchi hiyo hiyo uko ushahidi usio wa ngano. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hunasibishwa na mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, watu wa ngoma na uganga, waliokuwa wakishindana. Ushindani wao haujaisha. Baada ya mavuno makundi ya pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ashindaye ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Huko Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mashindano haya huonekana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo. Kila upande una dawa zake za kuvuta watu, na dawa hizo ni siri kubwa. Aliyeshindwa hulaumu dawa ya mwenzake, na nyimbo za kejeli hazikosekani.

Lakini tazama tofauti. Siri ya Mgika haimdanganyi Mgalu, kwa sababu kila mmoja ajua kuwa mwenzake anayo. Kuna siri inayotangazwa kuwa ipo, na kuna siri inayojifanya haipo. Ya kwanza ni silaha ya mchezo, ya pili ni sumu ya chakula. Tena lawama ya uwanjani ina msimu wake. Aliyeshindwa mwaka huu hujibu mwaka ujao kwa ngoma, na hakimu ni umati, si mtu mmoja chumbani na hasira yake. Baada ya ngoma, Mgika na Mgalu hurudi kuwa majirani na wakwe. Tony na Steve hawakuwa na uwanja wa namna hiyo. Walikuwa na chumba baridi mbali na watu, picha ya mauaji, na adui aliyewatazama kwa furaha.

Haki yadai tuseme pia kwamba mwenye kulaumu ana mpaka wake. Tony alikuwa na haki ya kumlaumu Steve kwa kunyamaza. Hakuwa na haki ya kutaka kumuua Bucky, ambaye mkono wake ulitumiwa na wengine. Hasira ya mfiwa ilivuka kutoka kwa aliyeficha ikamwendea aliyetumwa. Kizee wa Shing'weng'we naye alikuwa na haki ya kudai sikio lake, si haki ya kuloga. Hadithi zilizo bora haziwapi wenye kulaumu ruhusa isiyo na kipimo.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, wakutanapo na shujaa aliyesalitiwa, wasiridhike kumtaja msaliti na kufunga daftari. Waulize siri ilikuwa mali ya nani. Ukimya ulimlinda nani, na nani alihatarishwa nao. Na swali lilipoulizwa waziwazi, jibu lilikuwa zima au nusu. Kwa maswali haya Saada atatoka gizani alikowekwa na wahakiki, mtoto wa Liyongo atalaumiwa kwa kosa lake halisi, na Steve Rogers atahesabiwa kuwa alivyo: mtu mwaminifu aliyekosa uaminifu mahali pamoja, na pahali hapo pakatosha. Niliporudi kutoka Kamanga siku ya pili niliwatafuta wale vijana gatini ili niwaambie haya. Sikuwaona. Yule mama nilimwona kwa mbali, akipima dagaa, nami sikuwa na la kumwongezea.